Timu za Matawi Ng'ambo: Zafaa au Hazifai?



Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo muhula huu limetukesha bwenini mara nyingi, hata Bwana Mlezi akaja kutuzimia taa. Jambo lenyewe ni hizi klabu kubwa za kandanda zinazonunua au kuunda timu nyingine katika nchi za ng'ambo, zikawa kama matawi yake.

Wenzangu wengi hulisifu. Husema tawi hupata fedha, walimu hodari na uwanja mzuri, na vijana wake hupata njia ya kwenda Ulaya. Sikatai. Mwaka 1999, huko Cape Town, Afrika ya Kusini, timu mbili za wenyeji, Seven Stars na Cape Town Spurs, ziliunganishwa zikawa Ajax Cape Town, na Ajax ya Amsterdam ikashika hisa nyingi zaidi. Katika timu hiyo alitokea Steven Pienaar, aliyekwenda Amsterdam mwaka 2001 na baadaye akacheza Uingereza miaka mingi. Hapana shaka hiyo ilikuwa faida kubwa.

Lakini tazameni mwisho wake. Mwaka 2018 timu ilishuka daraja, na mwaka 2020 Waholanzi wakauza hisa zao. Jina la Ajax likaondolewa, likarudishwa lile la Cape Town Spurs. Hao walikuwa na bahati, maana walikuwa na jina la zamani la kurudia. Huko Los Angeles, wenye klabu ya Guadalajara ya Mexico walianzisha Chivas USA mwaka 2004. Mwaka 2014 wenye ligi waliinunua, na msimu ulipokwisha wakaivunja. Wapenzi wake wakabaki na jezi tu.

Wenye Manchester City ndio waliotia fora. Mwaka 2014 walinunua Melbourne Heart ya Australia, wakaiita Melbourne City, na baadaye jezi zake nyekundu na nyeupe zikawa za samawati. Mwaka 2022 tawi lao la Ufaransa, Troyes, lilimnunua kijana wa Brazil aitwaye Savinho. Watu wa Troyes hawakumwona akiwachezea mechi hata moja ya ligi. Alipelekwa Uholanzi, kisha Girona ya Hispania, na mwaka 2024 akatua Manchester. Mchezaji mwenyewe alifaidika, lakini je, yule mzee wa Troyes anayelipa kiingilio kila wiki alipata nini?

Mtasema Troyes ni mbali. Mimi nayasema haya kwa sababu mambo kama hayo yamefika kijijini kwetu.

Likizo iliyopita timu moja ya mjini ilituletea wajumbe. Waliahidi mipira, viatu na jezi mpya, kwa sharti kwamba timu yetu ichukue jina lao, na kila mchezaji watakayemtaka aende kwao. Wazee walifurahi. Kaka yangu, ambaye ndiye golikipa, alifurahi zaidi, wala simlaumu, maana viatu vyake vimeshonwa mara tatu.

Mimi nilisema tupokee, lakini mapatano yaandikwe: jina na rangi zibaki zetu, mchezaji akichukuliwa timu ilipwe, na wakiondoka wasichukue walichotuletea. Baba alicheka. Akaniuliza tangu lini maskini akamwandikisha tajiri karatasi. Siku ile sikuwa na jibu, nikainamia chakula changu.

Sasa ninalo. Wale mabwana hawakuja kwa huruma. Walikuja kwa sababu mwezi wa Juni washambuliaji wetu wawili waliwafunga magoli matatu kwenye uwanja wao wenyewe. Basi nasi tuna kitu wanachokitaka, na mwenye kitu yafaa ataje bei. Nadhani watu wa Troyes nao wangaliweza kutaja yao, kama wangaliulizwa mapema.

Mkutano wa kijiji utafanywa Desemba, nami nitakuwa nimemaliza mtihani. Nimemwandikia kaka anipatie nafasi ya kusema. Jezi zetu za kijani bado zimo katika sanduku la mama, na nimemwomba asimpe mtu yeyote mpaka nirudi.