Biharusi akishafika Kalangalala, nani anambebea?



Kuchangiana harusi tunakuweza. Kamati inaundwa, daftari linazunguka, simu hazipumui mpaka kila ahadi ilipwe. Silipingi hilo. Ninachouliza ni kwa nini daftari lile hufungwa usiku ule biharusi anapoondoka, wakati mizigo yake ndiyo kwanza inaanza.

Chukua mwari wa Unguja aliyeolewa Geita mjini, kata ya Kalangalala. Si ajabu siku hizi. Tangu mgodi mkubwa wa Geita uanze kuzalisha mwaka 2000, mji ule umevuta watu wa kila pembe. Akishuka boti Dar, mbele yake kuna zaidi ya kilomita 1,000 za basi. Mume yuko zamu mgodini, au anahangaika na maduara ya wachimbaji wadogo, ambako miezi hupita mawe yanatoka na dhahabu haionekani. Mke akipiga simu kwao aseme hali ngumu, nani atamwamini? Si kaolewa kwenye dhahabu! Badala ya kusaidiwa, yeye ndiye anayeombwa: ada ya skuli ya mdogo wake, mchango wa harusi ya binamu. Basi ananyamaza. Kwangu mimi, shida ya mwanamke anayedhaniwa anazo ni nzito kuliko ya yule ambaye mtaa mzima unajua hana.

Halafu anajifungua. Huku kwetu mzazi ana wa kumkanda kwa maji moto, wa kumpikia uji wa pilipili manga, wa kumshikia mtoto apate kulala mpaka arobaini itimie. Kule yupo yeye na kichanga, na mume ambaye zamu haimsubiri.

Na lipo zito zaidi. Januari 2017 wachimbaji 15 walifukiwa mgodini Nyarugusu, huko huko Geita, na baada ya siku kadhaa wakatolewa wote hai, alhamdulillahi. Mimi nilibaki nikiwawaza wanawake waliokuwa wakisubiri juu. Si kila shimo linarudisha watu. Mjane mgeni hukaa eda yake, miezi 4 na siku 10, katika chumba cha kupanga, na ubani wetu humfika kwa simu. Pesa hiyo inalipa kodi, sawa, lakini simu haimchotei maji.

Kisa cha Abdurrahman bin Auf tunakisimulia sana harusini, kwa sababu Mtume (s.a.w.) alimwambia afanye walima japo kwa mbuzi mmoja. Mwanzo wake tunauruka. Abdurrahman alikuwa mgeni Madina, kaacha mali yake Makka, akaunganishwa undugu na Saad bin Rabii, mwenyeji, ambaye alijitolea kumpa nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea baraka, akataka aonyeshwe soko tu, akaanza kuuza jibini na samli. Walima ile ilitanguliwa na mwenyeji aliyempokea mgeni.

Kwa hiyo somo, pamoja na yote anayomfundisha mwari ndani, amuulize: huko uendako, mwenyeji wako ni nani? Kama hana, watu wazima watafute kabla ya akdi, kupitia msikiti wa kule, madrasa, au ndugu wa mume. Na mwari asimkimbie jirani yake Msukuma kwa kuwa si Muislamu. Uchungu ukimshika usiku, huyo ndiye atakayebisha hodi wa kwanza.

Na nyinyi wa kamati, keki ipunguzeni ngazi moja. Pesa hiyo iandikwe kwenye daftari lile lile kuwa nauli ya shangazi au khaloo, kwenda na kurudi, mimba itakapofika miezi minane. Mwekeni mtu mmoja wa kuitunza, na asiwe yule anayependa sare.