Tumezitukuza Pembe, Tumeisahau Milango

Mgeni anayefika Mombasa akaulizia sanaa ya mji huu iliyo hadharani, ile ambayo yeyote aweza kuitazama bila ya kulipa hata senti moja, aghalabu huelekezwa Mapembeni. Hupigwa picha chini ya zile pembe nne, akanunua kadi yenye pembe hizo hizo, kisha akarudi kwao na imani kwamba ameiona Mombasa. Wala si mgeni peke yake. Hata sisi wenyeji, tukitaka kuuchora mji wetu kwenye kalenda, kwenye fulana au kwenye ubavu wa matatu, tunachora pembe. Nathubutu kusema kwamba tumechagua alama tuliyopewa tukaiacha ile tuliyoichonga wenyewe, na hiyo ya kwetu inatutoka kipande kwa kipande ilhali twatazama.

Siku moja ya Jumamosi niliamua kuuzunguka mji kwa miguu, tangu saa mbili asubuhi hadi baada ya alasiri, nikiwa sina kazi nyingine ila kutazama. Nilianzia hapo hapo Mapembeni. Pembe zimeinuka juu ya barabara ya Moi, ambayo zamani ikiitwa Kilindini Road, nazo ni za aluminiamu. Hakuna ndovu aliyezitoa. Asili yake ni ziara ya Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza ya mwaka 1952. Mji ulijitayarisha kumpokea, na meli ya Gothic ilikuwa Kilindini tayari kumpakia aendelee na safari yake. Hakufika. Tarehe 6 Februari mwaka huo baba yake, Mfalme George wa Sita, alifariki dunia, na yeye akiwa huko bara upande wa Nyeri. Akageuza njia kurudi kwao akiwa sasa ni Malkia. Basi pambo kubwa la mji wetu lilianza kuwa pambo la mgeni ambaye hakuja.

Sisemi pembe ziondolewe. Watu wameagana hapo, wameahidiana kukutana hapo, na jina la Mapembeni limekuwa jina la mahali. Ninachosema ni kwamba zimepewa heshima kubwa kuliko umri na asili yake.

Kutoka hapo niliishika njia hadi Digo Road, nikapinda kuelekea barabara ya Jomo Kenyatta, ambako zipo sanamu za shaba za askari na wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza. Ni kazi ya Mwingereza James Alexander Stevenson, yule yule aliyetengeneza za Nairobi na Dar es Salaam, nazo ziliwekwa mwishoni mwa miaka ya 1920. Watu wanapita na mizigo yao kama kwamba hapana kitu. Lakini msomaji, simama pale siku moja. Wapagazi wale wengi wao walichukuliwa kwa nguvu, na waliokufa kwa maradhi na njaa walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Jina la mitaa ya Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam limetokana na kikosi chao. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kuwa watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Mzungu aliandikiwa jina lake juu ya jiwe, na babu zetu wakapewa sanamu moja kwa wote.

Najua kwamba baadhi yetu hupita hapo kwa mashaka. Wazee wetu wa pwani hawakuchonga viumbe vyenye roho, kwa sababu isiyohitaji kuelezwa katika ukurasa huu. Hata hivyo asidhani mtu kwamba mji wa Waislamu hauna nafasi ya sanaa ya njiani. Mahujaji wetu washukao Jeddah, ambao ndio mlango wa Makka, wakitembea kando ya bahari watakuta kazi za kina Henry Moore, Joan Miró na Alexander Calder. Ziliwekwa wakati meya wa mji alipokuwa Mohamed Said Farsi, katika miaka ya 1970 na 1980, na zilichaguliwa zile zisizo na umbo la mtu. Jeddah ilitumia fedha nyingi kuagiza sanaa ya namna hiyo kutoka ng'ambo. Sisi tulikuwa nayo tayari, tena tukiifunga usiku na kuifungua asubuhi.

Baada ya kusali adhuhuri niliifuata Nkrumah Road hadi Ngomeni. Fort Jesus ina kiingilio, kwa hivyo sitakaa sana huko ndani. Itoshe kusema kwamba Wareno walioanza kuijenga mwaka 1593 waliacha ukutani michoro ya majahazi, samaki na watu, kazi ya mabaharia waliochoshwa na ulinzi. Wenyeji wa baadaye wao waliacha maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa katika mbao. Mkono wa mtu hujulikana kwa alichokiacha ukutani.

Hazina yenyewe iko nje ya ngome, katika Ndia Kuu na vichochoro vyake. Hapo mwendo wangu ulipungua, kwa kuwa kila baada ya hatua kadhaa ilinilazimu kusimama. Iko milango yenye kizingiti cha juu kilichonyooka, imejaa maua ya duara na majani yaliyofuatana kama aya. Iko ile ya mtindo wa Kihindi, mizito, yenye visanduku vidogo vidogo na misumari mikubwa ya shaba. Yasemekana huko Bara Hindi misumari ya namna hiyo iliwekwa ili ndovu wa vita wasiuvunje mlango kwa kichwa. Huku kwetu ndovu hawakuwahi kumvunjia mtu nyumba, hata wale wa Mapembeni. Misumari ikawa ni pambo tu, na alama ya kuwa mwenye nyumba anajiweza. Utaona mnyororo uliochongwa ukizunguka miimo, utaona samaki, utaona mtende, utaona mawimbi. Waongoza watalii wamelipa kila umbo maana yake, na maana hiyo hubadilika kutoka kwa mwongozaji mmoja hadi mwingine. Kisha tazama mfaa, ule mti wa katikati zinapokutana mbao mbili. Fundi hakuwa na mahali pembamba kuliko hapo, na ndipo aghalabu alipoonyesha ufundi wake wote.

Hakuna hata mmoja niliouona wenye kibao cha kumwambia mpita njia ni mti gani, ni wa lini au ni kazi ya nani. Mmoja una kisanduku cha mita ya stima kilichopigiliwa juu ya nakshi. Mwingine umepakwa rangi ya mafuta, koti juu ya koti, hata maua yamezibika kama uso ulioumwa na nyuki. Mahali pengine nilikuta mlango wa chuma mpya, na pembezoni mwake ukuta uliotobolewa ukazibwa kwa saruji. Kwenye baraza ya jirani alikaa mzee mmoja. Nilimtolea salamu, nikamuuliza ule wa zamani uko wapi.

"Umekwenda, mwanangu," akanijibu. "Warithi walikuwa wengi, nyumba yavuja. Alikuja mtu na lori usiku. Asubuhi tukaona tundu."

Neno hilo la warithi ndilo kiini cha mambo. Sheria haikosekani. Sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006 inataja waziwazi kuwa mlango au fremu ya mlango iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946 ni kitu kinacholindwa, na kukitoa nje ya nchi pasipo kibali ni kosa. Ni vitu vichache mno katika Kenya vilivyotajwa na sheria kwa namna hiyo, na milango yetu ni mmojawapo. Lakini sheria haizibi paa. Nyumba ya babu inagawanyika kwa watoto, kisha kwa wajukuu, mpaka anakuwa hapana mmoja mwenye fungu la kutosha kumfanya alete fundi. Mmoja yuko Dubai, mwingine Birmingham, wa tatu ndiye anayelala chini ya boriti zilizooza. Akija mnunuzi na noti mkononi, nani wa kumlaumu? Mimi simlaumu. Namlaumu mnunuzi, na hoteli itakayouweka mlango ule mapokezini uegemee ukuta, usifunguke kuelekea popote.

Na dawa imo katika mila zetu wenyewe. Wazee waliweka wakfu visima, misikiti na mashamba, na Tume ya Wakfu iko papa hapa Mombasa. Ukoo unaogombania nyumba isiyogawika waweza kuiweka wakfu, kodi ya chumba cha chini ikatengeneza paa, na mlango ukabaki mahali pake. Nayo serikali ya kaunti, ambayo mwaka 2018 iliamuru majengo ya katikati ya mji yapakwe rangi nyeupe na buluu, ikaonyesha kwamba ikitaka jambo hulifanya, nayo ina wajibu. Aliye na mlango wa zamani na akautunza apunguziwe kodi ya ardhi. Huo ni msaada mdogo kuliko gharama ya rangi ile.

Kabla ya hayo yote, milango na ihesabiwe. Tuanze na Ndia Kuu. Wanafunzi wa shule na madrasa za mtaani, wakiongozwa na seremala mmoja mzee na mtu mmoja wa makumbusho, wanaweza kuifanya kazi hiyo katika Jumamosi chache. Kila mlango upewe nambari, upigwe picha, upimwe urefu na upana, na uandikwe katika daftari litakalowekwa Ngomeni. Hivyo, ukionekana kesho umepakiwa katika lori, polisi wa barabarani awe na kitu cha kulinganishia. Kisha kibao kidogo, kisizidi kiganja cha mkono, kibandikwe ukutani wala kisipigiliwe kwenye mbao, kieleze jina la nyumba, mti uliotumika, na jina la fundi pale ambapo bado yuko mzee anayelikumbuka. Wazee hao wako barazani leo hii, na kazi ianze kwao.