Neno Halifuatwi kwa Sauti Tupu

Juma lililopita, hapa Mshangano, mwanafunzi wangu mmoja alinionyesha kwenye simu orodha ya maneno ya mawe ya kale ya Ulaya, yakidaiwa kuwa ya Kibantu. Yeye alifurahi, mimi nilisikitika.

Waetruski wa Italia waliacha maandishi maelfu. Herufi zao zinasomeka, kwani zilitokana na za Kigiriki, lakini maneno mengi bado ni fumbo. Ndiyo maana kila mwenye kiu ya sifa hujipachika hapo. Mwaka 1961 Zacharie Mayani alidai kuyafumbua kwa Kialbania. Wengine wakaja na lugha za Kislavoni. Hila yao ni moja: kutafuta neno linalofanana. Kilichosaidia kweli ni mabamba ya dhahabu ya Pyrgi, yaliyofukuliwa 1964, yenye Kietruski na Kifoinike. Hayo yaliimarisha ushahidi kwamba "ci" ni tatu.

Mfanano pekee si ushahidi. Kiajemi kina "bad", Kiingereza kina "bad", yote yana maana ya ubaya, wala hayana asili moja. Udugu wa lugha hujulikana kwa mabadiliko ya sauti yanayojirudia. Waganda husema omuntu na ekintu. Sisi husema mtu na kitu. Penye "nt" yao pana "t" yetu, neno baada ya neno. Hiyo ndiyo hoja.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba tunagombea mawe ya watu huku tukiyapa kisogo yetu. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Ni wangapi kati yenu mliofundishwa? Jina la mji wetu ni la Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Neno "shule" tumelirithi kwa Wajerumani hao hao. Maneno mawili tu, na ndani yake imo historia ya mkoa mzima, tena yenye ushahidi.

Maofisa utamaduni, wazee wanaojua Kingoni cha zamani wanaondoka. Waendeeni na daftari. Nanyi wanafunzi, yeyote akiwaletea asili ya neno, mwulizeni: sauti nyingine zinazofuata kanuni hiyo ziko wapi? Akikosa jibu, msimpe hata alama moja, hata kama anatusifu.