Dawa ya Ng'ombe na Dawa ya Mgonjwa ni Ndugu



Wewe mfugaji wa Busia na Malaba unajua habari ya kupe waliozoea dawa ya josho. Walio dhaifu hufa, wenye nguvu hubaki wakazaa, na mwisho josho huwa kama maji matupu.

Mambo hayo hayo yamefika hospitalini. Vidudu vya maradhi, visivyoonekana kwa macho, vimezoea dawa zetu. Mgonjwa wa kidonda hupewa dawa iliyoponya baba yake, naye hapati nafuu. Wataalamu walikadiria kwamba mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 1.2 duniani walikufa kwa sababu hiyo. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alituonya tangu mwaka 1945: atumiaye dawa pungufu huvifundisha vidudu kuishinda.

Basi tunafanyaje? Dereva wa lori aliye kwenye foleni Malaba hununua vidonge vinne, akiona nafuu huviacha. Mfugaji humpiga ng'ombe sindano ya tetrasaikilini bila kumwita daktari wa mifugo, na kesho yake huuza maziwa. Dawa hiyo ni ya ukoo mmoja na ile wanayopewa watu. Tena kidudu hakiulizwi pasi mpakani. Kikizaliwa Busia, kitalala Tororo.

Wako wasemao kosa ni la mwananchi peke yake. Mimi sikubali. Mama mwenye mtoto mwenye homa, akiikuta zahanati haina dawa, atakwenda dukani tu. Serikali ya Kenya ilitoa mpango wa taifa juu ya jambo hili mwaka 2017. Mpango ni mzuri, lakini hauponyi mtu hata mmoja mpaka zahanati ipate dawa na maabara ya kupima.

Hata hivyo, sehemu yetu tusiisahau:

1. Usinunue dawa hizi bila cheti cha daktari.
2. Maliza dawa kama ulivyoagizwa, hata ukiona umepona.
3. Usimpe mtu dawa ya mnyama, wala kuku dawa ya mtu.
4. Ng'ombe akitibiwa, usiuze maziwa yake mpaka zipite siku alizotaja daktari wa mifugo.

Kumwaga maziwa kunauma. Lakini kumzika mtoto kwa kidonda kidogo kunauma zaidi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.