Kinyesi cha njiwa ghalani si uchafu wa kupuuza

Mkulima akitaja hasara ya ndege hutaja kwelea kwelea kwenye mtama na mpunga. Mfanyabiashara wa nafaka hulalamikia njiwa na shomoro wanaodonoa magunia. Hasara hizo hupimwa kwa kilo. Iko nyingine isiyoonekana kwenye mizani, nayo humpata kibarua anayekabidhiwa ufagio asafishe ghala kabla mzigo mpya haujaingia.

Katika kinyesi cha njiwa kilichokauka huzaliana fangasi waitwao kriptokokasi. Njiwa mwenyewe haugui, kwani mwili wake una joto la nyuzi 41 hadi 42, ambalo fangasi hao hawalimudu. Ufagio mkavu ukipita, hupanda na vumbi na kuvutwa puani. Wengi wenye afya njema hawadhuriki. Kwa mwenye VVU ambaye kinga imeshuka, fangasi hao huweza kutoka mapafuni hadi kwenye ubongo na kuleta homa ya uti wa mgongo. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2022 yalionyesha kuwa homa hiyo iliua watu wenye VVU wapatao 112,000 duniani mwaka 2020, wengi wao wakiwa Afrika kusini mwa Sahara. Si wote walioipata kwa njiwa, maana fangasi hao huishi pia kwenye udongo na miti.

Wapo watakaotaka njiwa watiliwe sumu. Sumu ndani ya ghala la chakula ni balaa kuliko njiwa, na kinyesi kitabaki palepale. Afadhali wavu wa waya kwenye matundu ya paa, gharama ya mara moja.

Kinyesi kilowanishwe kabla ya kuguswa. Wenye maghala huogopa maji, na wana sababu, kwani sakafu mbichi huozesha mahindi. Basi kazi hiyo ifanyike ghala likiwa tupu, na sakafu iachwe ikauke kabisa. Kibarua apewe barakoa nzuri, si kitambaa cha kujifunga tu. Na kwa kuwa mwajiri hana haki ya kumuuliza mtu kama ana VVU, tahadhari hizo ziwe za wote.

Atakayeumwa kichwa kwa siku nyingi baada ya kazi hiyo awahi hospitali na kumweleza daktari alichokuwa akifagia. Kipimo cha damu cha kutambua fangasi hao kipo.