TAARIFA YA KATIBU WA TAWI: UFAULU WA KWENYE BANGO



Tangu juzi kuna bango la pongezi linazunguka kwenye magrupu yetu, likisifia asilimia ya ufaulu wa kidato cha nne katika sekondari yetu ya kata. Naomba tuache kulisambaza. Sisemi limedanganya. Nasema limeficha, na sisi wahasibu tunajua mara nyingi kidogo ndipo vitabu huharibika.

Tupige hesabu pamoja. Mtoto anahesabiwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5. Pointi 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, 26 hadi 33 la nne. Kuanzia 34 ni ziro.

Sasa chukua mtoto mwenye D mbili na F tano: 8 jumlisha 25 ni 33. Huyo ana daraja la nne, na kwenye bango *AMEFAULU*. D yenyewe inaanzia alama 30 kwa 100.

Mpelekeni basi kidato cha tano. Wanataka C tatu au zaidi na pointi zisizozidi 25. Amekwama. Mpelekeni chuo akasome cheti. Wanataka D nne, yeye anazo mbili. Zimebaki kozi kadhaa za VETA, ambazo angepokelewa hata na darasa la saba lake. Miaka minne, sare, michango, halafu tunampigia makofi! Kwenye mizania hilo ni deni lisilolipika limeandikwa upande wa mali.

Wapo watakaosema Katibu anawapa wapinzani maneno. Ndugu zangu, wapinzani hawahitaji maneno yangu. Mzazi anamwona mwanae amekaa barazani tangu Februari. Na asiwepo wa kuniambia nawashambulia walimu; mwalimu mmoja wa Hisabati kwa mikondo yote hashambuliwi, anapewa pole.

Tukumbuke matokeo ya 2012. Zaidi ya nusu walipata ziro, tume ikaundwa, matokeo yakafutwa na kupangwa upya. Asilimia ilipanda. Alichokijua mtoto kichwani kilibaki kilekile.

Diwani wetu anaingia Kamati ya Maendeleo ya Kata. Tumtume aombe shuleni hesabu kamili, siyo asilimia: wangapi katika kila daraja, wangapi wana C tatu, wangapi wana angalau D nne, wangapi wamepata F ya Hisabati, na walimu wa somo hilo ni wangapi. Akirudi na asilimia peke yake, tumrudishe.

Mwenye mtoto nyumbani: anaweza kurudia kama mtahiniwa wa kujitegemea, hata masomo machache tu. Mwenye D mbili anahitaji mbili nyingine chuo kimfungukie. Ulizeni vituo vya mtihani sasa, usajili una mwisho wake na ukichelewa unalipa faini.

Kikao ni Jumapili saa 10 jioni, ofisi ya tawi. Kila mzazi aje na matokeo ya mwanae, tuyahesabu mmoja mmoja.

Imetolewa na:
Katibu wa Tawi