Pogoa Windows, usiikate mizizi

Kila mwenye tarakilishi kuukuu amewahi kupewa ushauri huu: weka Windows iliyopunguzwa, mashine itapaa. Ushauri wenyewe si mpya. Enzi za Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, watu walitumia programu ya nLite kuondoa vikorokoro kwenye CD ya Windows kabla ya kuisakinisha. Siku hizi kuna tiny11, yaani Windows 11 iliyopunguzwa, iliyotokea mwaka 2023. Na tangu Microsoft ikomeshe huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, ushauri huo umepata uzito zaidi. Vipakatalishi vingi vya mtumba, vile tunavyoviita Ex-UK, havifikii masharti ya Windows 11: chipu ya usalama ya TPM 2.0, na prosesa isiyo ya zamani sana, ambayo kwa Intel ni kuanzia kizazi cha 8.

Mimi simo katika kundi la wanaosema usiguse kitu. Windows inakuja na michezo, matangazo na programu ambazo hukuziomba, na una haki ya kuzitoa. Lakini naona tunauliza swali lisilofaa. Tunauliza "tumetoa vingapi?" ilhali swali ni "tumetoa nini, na aliyetoa ni nani?"

Tuanze na kasi yenyewe. Diski kuu ya zamani ina sahani inayozunguka na mkono unaosogea kutafuta data. Safari moja ya mkono huo huchukua takriban milisekunde 10, kwa hiyo kwa sekunde moja unafanya safari kama 100 tu. Sasa washa mashine yenye programu kumi na mbili zinazojianzisha zenyewe: ya printa, ya simu, ya gumzo, ya muziki. Zote zinaugombania mkono mmoja. Hapo ndipo dakika zako zinapopotelea. Diski ya SSD haina mkono wa kusubiriwa, na hujibu maombi maelfu kwa sekunde. Kwa hiyo mtu akiwa na shilingi chache za kufufua mashine, namwambia anunue SSD kwanza, kisha aongeze RAM ifike GB 8. Kupunguza Windows kunafuata baadaye.

Na ukifika kwenye kupunguza, anza na yale yasiyo na madhara. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager ifunguke, kisha nenda kwenye orodha ya programu zinazojianzisha. Zima zile usizohitaji asubuhi. Halafu ingia kwenye mipangilio uondoe programu usizotumia. Kazi hiyo haihitaji fundi, na ukikosea unarudisha.

Tatizo linaanza tunapofuata zile orodha ndefu za "huduma 40 za kuzima". Huduma iliyokaa kimya haili prosesa, na mfumo ukibanwa unaweza kuhamishia diski sehemu ya kumbukumbu yake. Unaweza kuzima nyingi za aina hiyo usione tofauti yoyote, mpaka siku printa itakapogoma. Vivyo hivyo na wale wanaoona RAM imejaa nusu wakaingiwa na wasiwasi. RAM iliyokaa bure haikupi kasi, ndiyo maana Windows huitumia kuweka karibu faili unazofungua mara kwa mara.

Kuna hoja nyingine ya kupunguza ambayo haizungumzwi sana, nayo ni usalama. Mwezi Mei 2017, WannaCry ilienea katika nchi takriban 150, ikifunga faili za watu na kudai fidia. Ilipitia kasoro ya SMBv1, itifaki ya kale ya kugawana faili ambayo watumiaji wengi wa nyumbani hawakuihitaji hata kidogo. Aliyekuwa ameizima alikuwa ameufunga mlango huo. Baadaye mwaka huohuo Microsoft yenyewe ilianza kuiondoa kwenye Windows 10.

Lakini kisa hichohicho kina upande wa pili. Dawa ya kasoro hiyo ilitolewa tarehe 14 Machi 2017, karibu miezi miwili kabla ya shambulio. Mashine zilizokuwa zimepokea sasisho hilo zilikuwa na kinga. Sasa tazama baadhi ya matoleo yaliyopunguzwa kupita kiasi yanaondoa nini: Windows Update na Defender! Tiny11 Core, kwa mfano, haiwezi kupokea masasisho, na mwenye kuitengeneza amesema wazi kuwa ni ya majaribio, si ya kazi za kila siku. Mtu akiichukua akaiweka kwenye mashine ya duka, yenye hesabu za wateja na nywila ya benki, amevunja mlango ili nyumba ipate hewa.

Na je, ni nani aliyetoa? Skripti ya tiny11 unaweza kuisoma mstari kwa mstari, na unaipa faili ya ISO uliyoipakua Microsoft. Hilo naliheshimu. Lakini ISO iliyokwisha kupikwa, inayopita mkono kwa mkono kwenye flashi, huwezi kujua kilichotolewa, sembuse kilichoongezwa. Mfumo endeshi ndio unaoona kila kitufe unachobonyeza. Ukimpa mgeni nafasi ya kuutengeneza, umempa kila kitu.

Ikiwa mashine yako ni dhaifu kiasi kwamba Windows haina budi kukatwa mpaka mizizi, basi chukua mfumo uliojengwa mwepesi tangu mwanzo. Lubuntu, antiX, au Linux Mint yenye Xfce ni za bure, na bado zinapata masasisho ya usalama. Zijaribu kwa flashi kabla ya kufuta chochote, hasa kama kazi yako inategemea faili za Excel zenye makro, kwani hizo huenda zikakusumbua.

Kwa hiyo pogoa bila woga, lakini shika panga mwenyewe, na ujue kila tawi unalokata linafanya kazi gani.